Historia ya Umaarufu na Nafasi Yake Katika Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

1. Mtu maarufu ni nani hasa?

Ni mtu ambaye watu wasiowahi kukutana naye hutaka kujua habari za maisha yake, wala hawatosheki na habari za kazi yake. Kipimo hiki kinasaidia kuliko kuhesabu ni wangapi wanalijua jina lake. Jaji mkuu wa nchi anaweza kujulikana na kila msomaji wa magazeti bila mtu yeyote kuuliza anaishi na nani. Mwimbaji ambaye wimbo wake mmoja umevuma huanza kuulizwa hayo siku ya pili.

Sifa njema hutolewa na wale wanaoifahamu kazi ya mtu. Madaraka hutokana na cheo, nayo huondoka pamoja na cheo. Umaarufu hutolewa na umati ambao hauna wajibu wowote kwa yule unayempa, na ili umfikie lazima apatikane mtu wa tatu: mfanyabiashara aliyesimama katikati ya anayetazamwa na anayetazama, akichapa picha, akiuza tiketi au akirusha matangazo. Maswali mengi yaliyo hapa chini hujibika kwa urahisi zaidi ukianza kwa kuuliza huyo wa katikati alikuwa nani na alipata nini.

2. Je, umaarufu ulianzia Hollywood?

Hapana. Kampuni za filamu za Marekani ziliikuta biashara hii ikiwa imekomaa kwa zaidi ya karne moja: picha za waigizaji zilikwisha kuuzwa madukani, magazeti ya udaku yalikuwepo, na sura za watu zilikwisha kubandikwa kwenye bidhaa. Kile ambacho filamu iliongeza kimeelezwa katika swali la 7.

3. Watu wa kale nao walikuwa na mastaa?

Walikuwa na watu waliojulikana mbali sana, na baadhi yao walijua thamani ya sura. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba Aleksanda Mkuu, aliyefariki mwaka 323 KK, alitaka achongwe na Lysippos tu na kuchorwa na Apelles tu. Baada ya kifo chake warithi wake waligonga sura yake kwenye sarafu ili nao wapate sehemu ya utukufu wake.

Mfano ulio karibu zaidi na wa leo unatoka Roma. Gaius Appuleius Diocles alikuwa mwendesha magari ya farasi wa karne ya 2 BK, na maandishi yaliyochongwa kwa heshima yake yanataja mashindano 4,257, ushindi mara 1,462 na zawadi za jumla ya sestersi (sarafu za Roma) 35,863,120. Hayakuishia hapo: yanatenganisha mara alizoongoza tangu mwanzo na mara alizotokea nyuma akawapita wenzake. Aliyeyaandika alijua kwamba wapo wasomaji watakaotaka kujua hata hilo, na mtu yeyote aliyewahi kubishana na mashabiki wa michezo atamtambua mara moja.

Hata hivyo, sheria ya Roma iliwaweka waigizaji wa jukwaani na magladieta katika kundi la watu wasio na heshima, wasioruhusiwa kushika nyadhifa za umma. Mtu aliweza kushangiliwa na maelfu mchana, kisha akakosa haki ambazo wengi wa waliomshangilia walikuwa nazo. Desturi ya kumwabudu mburudishaji na kumdharau kwa pamoja ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani, na bado ipo.

4. Kwa nini wanahistoria wengi huitaja karne ya 18?

Kwa sababu ndipo vitu vitatu vilipokutana mahali pamoja, hasa London na Paris: magazeti yaliyotoka kwa ratiba, picha za kuchapwa zilizouzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu, na hadhira ya mjini iliyozoea kulipia burudani. Mwaka 1784 Joshua Reynolds alimchora mwigizaji Sarah Siddons akiwa ameketi kama malkia wa tanzia. Mchoro halisi ulikuwa mmoja, lakini picha kama hizo zilinakiliwa kwa kuchongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa, zikawafikia hata wale ambao hawakuwahi kuingia ukumbini. Benjamin Franklin, akiwa mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa, alimwandikia binti yake mwaka 1779 kwamba sanamu na picha zake zimekuwa nyingi kiasi kwamba uso wake unajulikana kama uso wa mwezi.

Malalamiko nayo yalianza wakati huohuo. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, ambaye siku za uzee wake huko Paris alijipatia riziki kwa kunakili nota za muziki, alijikuta akipokea wateja walioleta kazi kwa kisingizio tu, shida yao ikiwa ni kumwona. Tangu hapo umaarufu haukuwa tena jina zuri lililobaki baada ya kifo; ulikuwa hali ambayo mtu anaishi ndani yake akiwa hai, nayo humchosha.

## Jinsi biashara ilivyokua

5. Umaarufu ulianza lini kutengenezwa kwa makusudi?

Jibu fupi ni kwamba ulitengenezwa tangu enzi za Aleksanda. Ila kama swali ni lini ulianza kutengenezwa na mtu asiyekuwa mwenye sura, kwa hesabu za faida, mfano bora ni ziara ya mwimbaji Jenny Lind kutoka Uswidi nchini Marekani mwaka 1850.

P. T. Barnum, mwandalizi wa maonyesho, alimpa mkataba wa dola 1,000 kwa kila onyesho, hadi maonyesho 150, bila yeye mwenyewe kuwahi kumsikia akiimba. Wamarekani wengi hawakuwa wamelisikia hata jina lake. Barnum alitumia miezi kadhaa kuyalisha magazeti habari za ukarimu wa Lind, ucha Mungu wake na sadaka alizotoa, kwa kuwa aliona kwamba tabia njema ingeuzika kwa watu wasioijua opera. Lind alipotia mguu New York mwezi Septemba, maelfu ya watu walikuwa wamejaa bandarini. Tiketi za kwanza zilipigwa mnada, na ile ya kwanza kabisa ilinunuliwa kwa dola 225 na mwuza kofia aliyeitwa Genin, ambaye naye alipata umaarufu na wateja kwa kuinunua. Hapo mashine yote inaonekana ikiwa wazi: mwimbaji mwenye kipaji cha kweli, mfanyabiashara anayeuza habari zake kabla ya sauti yake, na mtazamaji anayelipa ili naye aonekane. Lind aliuvunja mkataba huo mwaka uliofuata akaendelea na ziara peke yake, na sehemu kubwa ya mapato yake aliitoa kwa misaada.

6. Picha za kamera zilibadilisha nini?

Zilimwezesha mtu wa kawaida kumiliki sura ya mtu maarufu. Upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka 1839, lakini badiliko kubwa lilikuja mwaka 1854, André Disdéri alipopata hataza jijini Paris ya picha ndogo zenye ukubwa wa kadi, zilizopigwa kadhaa kwenye bamba moja. Bei ilishuka. Familia zikaanza kupanga picha za wafalme na waigizaji katika albamu ileile yenye picha za shangazi na wajomba, jambo ambalo halikuwahi kuwezekana.

Wenye sura nao walijifunza upesi. Mwigizaji Mfaransa Sarah Bernhardt alijipigisha picha akiwa amelala ndani ya jeneza, nazo ziliuzwa sana. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa msemaji mkuu wa kuupinga, alipigwa picha nyingi kuliko karibu Mmarekani mwingine yeyote wa karne yake, yaani takriban 160 zinazojulikana leo, naye mara nyingi alikaa bila tabasamu, amevaa nadhifu, akitazama kwa heshima na ukali. Alifanya hivyo kwa kusudi: michoro ya kejeli ya watu weusi ilikuwa imejaa kila mahali, na kamera ilimpa njia ya kuijibu.

7. Filamu iliongeza jambo gani?

Iliongeza uso mkubwa uliotazamwa kwa karibu, na kampuni iliyokuwa na mamlaka juu ya uso huo. Mwanzoni kampuni hazikutaja majina ya waigizaji, kwa kuhofia kwamba wakijulikana watadai mishahara mikubwa. Watazamaji wakajibunia majina. Florence Lawrence aliitwa “Msichana wa Biograph”, kwa jina la kampuni yake. Mwaka 1910, baada ya Carl Laemmle, mwenye kampuni shindani, kumchukua, ulienea uvumi kwamba amekufa. Laemmle akatoa tangazo la kuukanusha uongo huo kwa hasira nyingi, kisha akampeleka St. Louis, ambako umati ulimpokea. Wengi huamini kwamba uvumi wenyewe ulitoka kwa Laemmle.

Hofu ya mishahara ilikuwa na msingi. Charlie Chaplin alianza na dola 150 kwa wiki, na mwaka 1916 alitia saini mkataba wa dola 10,000 kwa wiki pamoja na bonasi ya dola 150,000. Jibu la kampuni lilikuwa mikataba ya hadi miaka saba iliyomfunga mwigizaji mwili na jina. Lucille LeSueur alipewa jina la Joan Crawford lililopatikana kwa shindano la wasomaji wa jarida. Baada ya kashfa ya mwaka 1921 ya mchekeshaji wa filamu Roscoe Arbuckle, aliyeshtakiwa kwa kifo cha mwanamke, vifungu vya mwenendo viliingizwa katika mikataba, ingawa yeye mwenyewe aliachiwa huru na mahakama mwaka 1922 bila kazi yake kurejea kama ilivyokuwa. Minyororo hiyo ilianza kulegea mwaka 1944, Olivia de Havilland alipoishinda Warner Bros. mahakamani huko California, ikaamuliwa kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda na haiwezi kurefushwa kwa kuongeza siku ambazo mwigizaji alisimamishwa.

8. Je, haya yote yalitokea Ulaya na Marekani tu?

La. Mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, ulikuwa na biashara kamili ya umaarufu bila kuiga mtu. Picha za waigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, zilichapwa kwa mbao na kuuzwa kwa wingi. Msanii Sharaku peke yake alitoa picha zaidi ya 140 katika muda wa takriban miezi kumi, mwaka 1794 na 1795. Serikali iliwatazama waigizaji hao kwa wasiwasi uleule wa Roma: mwaka 1842 Ichikawa Danjūrō wa Saba alifukuzwa mjini kwa kosa la kuishi kifahari kupita tabaka lake.

Katika karne ya 20, santuri na redio zilizaa mastaa ambao hawakuhitaji kibali cha Hollywood. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Umm Kulthum wa Misri aliimba redioni Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, akasikilizwa kote katika ulimwengu wa Kiarabu, na baada ya vita vya 1967 alizunguka akikusanya fedha kwa ajili ya nchi yake. Mazishi yake ya mwaka 1975 yalijaza mitaa ya Kairo.

9. Mitandao ya kijamii imebadilisha nini, na nini hakikubadilika?

Imebadilisha mlango wa kuingilia. YouTube ilipoanza mwaka 2005 na Instagram mwaka 2010, mtu aliweza kuifikia hadhira bila mhariri wala meneja, na staa aliweza kujitangazia ndoa au talaka yake kabla ya gazeti la udaku. Pia idadi ya wanaomfuata mtu sasa huonekana na kila mmoja, hivyo hesabu yenyewe imekuwa sehemu ya umaarufu.

Mfanyabiashara wa katikati hakuondoka. Amebadilika kuwa kampuni inayoamua, kwa programu isiyoonekana, ni video ipi itakayopelekwa mbele ya macho ya nani. Barnum angeielewa biashara hiyo bila kuhitaji mkalimani.

## Nafasi yake katika jamii

10. Kwa nini tunajali maisha ya watu tusiowajua?

Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza kwamba mtangazaji anayetazama kamera na kuzungumza kwa upole humfanya mtazamaji ahisi wanafahamiana, ingawa ufahamiano huo ni wa upande mmoja. Maelezo yao yalihusu redio na televisheni; simu ya mkononi imeyapa nguvu zaidi.

Lakini mimi naona kuna sababu nyingine isiyotajwa vya kutosha. Watu waliotawanyika mijini hawana tena majirani wa pamoja wa kuwasema. Ndoa ya mtu maarufu huwapa wafanyakazi wawili waliokutana jana kisa wanachokijua wote, ambacho kupitia kwake wanaweza kujadili uaminifu, fedha au malezi bila kufichua ya nyumbani kwao. Udaku una ubaya wake (tazama swali la 14), ila kuudharau moja kwa moja ni kutoona kazi unayoifanya.

11. Je, kauli za mastaa huleta mabadiliko ya kweli?

Wakati mwingine, na hasa pale jambo linapohitaji kusikika tu. Elvis Presley alichanjwa polio mbele ya wapigapicha mwezi Oktoba 1956, wakati vijana wa Marekani walipokuwa wazito kuchanjwa. Mchezaji wa mpira wa kikapu Magic Johnson alipotangaza tarehe 7 Novemba 1991 kwamba ana virusi vya UKIMWI, simu za watu waliotaka maelezo na vipimo ziliongezeka kwa ghafla. Tangu mwigizaji Danny Kaye alipofanywa balozi wa UNICEF mwaka 1954, mashirika mengi yamefuata njia hiyo.

Tofauti kubwa ninayoiona ni gharama. Miriam Makeba alizuiwa kurudi Afrika Kusini mwaka 1960, akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi mwaka 1963, na nyimbo zake zikapigwa marufuku nyumbani. Muhammad Ali alikataa kuandikishwa jeshini mwaka 1967, akavuliwa ubingwa na kukaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoitengua hukumu yake mwaka 1971. Kauli isiyomgharimu msemaji chochote inaweza kuwa ya kweli na yenye manufaa, lakini umati huipima kwa mizani nyingine.

12. Kwa nini wanaingia katika siasa na kushinda?

Kwa sababu wanaanza na kitu ambacho wagombea wengine hukitafuta kwa miaka mingi, yaani kujulikana. Ronald Reagan wa Marekani, Joseph Estrada wa Ufilipino na Volodymyr Zelensky wa Ukraine, waliochaguliwa kuwa marais, wote walitoka katika uigizaji. Huko Tamil Nadu, nchini India, vikundi vya mashabiki wa M. G. Ramachandran viligeuka kuwa matawi ya chama, naye akawa waziri mkuu wa jimbo kuanzia 1977.

Hata hivyo kujulikana hakutoshi. George Weah, mshindi wa Ballon d'Or ya 1995, aliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa Liberia mwaka 2005 akashindwa katika ya pili na Ellen Johnson Sirleaf, huku elimu yake ikitiliwa shaka. Alipata shahada, akawa seneta, na ndipo aliposhinda urais mwaka 2017. Mwaka 2023 wapigakura walimwondoa kama wanavyoondolewa wanasiasa wengine.

## Sheria, faragha na mali

13. Nani anamiliki sura na sauti ya mtu maarufu?

Inategemea nchi. Nchini Marekani, kesi ya mwaka 1953 kuhusu kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli ilitambua kwamba mtu ana haki ya kuuza matumizi ya sura yake, kama anavyouza mali nyingine. Jimbo la Tennessee liliifanya haki hiyo irithiwe kwa sheria ya mwaka 1984, na mwaka 2024 likaongeza ulinzi wa sauti dhidi ya kuigizwa kwa akili mnemba. Nchi nyingine hutegemea sheria za faragha au za alama za biashara, kwa hiyo jibu la nchi moja lisitumike kwa nyingine.

14. Je, mtu maarufu bado ana haki ya faragha?

Ndiyo, ingawa ni finyu kuliko ya wengine. Uamuzi muhimu ni wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2004, uliotokana na malalamiko ya Binti Mfalme Caroline wa Monaco kuhusu picha alizopigwa akiendelea na shughuli za kila siku. Mahakama iliuliza kama picha hizo zinachangia mjadala wowote wenye maslahi kwa umma, ikaona hazichangii. Swali hilo ni zuri hata nje ya mahakama: hongo aliyopokea staa ni habari ya umma, matokeo ya vipimo vya mwanawe si habari ya umma. Kifo cha Binti Mfalme Diana wa Uingereza, aliyepata ajali jijini Paris tarehe 31 Agosti 1997 huku wapigapicha wakimfuata, kilichochea California kutunga sheria dhidi yao mwaka 1998.

15. Shabiki anavuka mpaka wapi?

Pale anapodai kulipwa kwa mapenzi ambayo hakuombwa kuyatoa. Mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake mwaka 1989 na mtu aliyekuwa akimfuatilia, ambaye aliipata anwani ya mwigizaji huyo kupitia kumbukumbu za leseni za udereva. Mwaka uliofuata California ilitunga sheria dhidi ya ufuatiliaji wa kutisha, na mwaka 1994 sheria ya shirikisho ikazifunga kumbukumbu hizo.

## Maswali tata

16. Kutafuta “kiki” ni jambo jipya?

Mwaka 356 KK mtu aitwaye Herostratus alichoma hekalu la Artemi huko Efeso ili jina lake lisisahaulike. Wakuu wa mji wakapiga marufuku kulitaja, lakini mwanahistoria Theopompus akaliandika, na ndiyo sababu tunalo. Kisa hicho hurudi kila vyombo vya habari vinapojadili kama vitaje jina la muuaji. Msimamo wa wastani ni kulitaja pale linapohitajika kwa uchunguzi na kuacha kulirudia.

17. Mtu anaweza kukataa umaarufu?

Anaweza kujaribu. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alirudi kutoka vita vya Crimea mwaka 1856 kwa jina la Bi Smith ili asipokewe kwa shamrashamra. T. E. Lawrence, ofisa Mwingereza aliyevuma kwa vita vya Uarabuni, alijiandikisha katika jeshi la anga mwaka 1922 kwa jina la kubuni, na magazeti yakamfichua baada ya miezi michache. Kukataa nako huuzwa: Greta Garbo aliacha filamu mwaka 1941, na wapigapicha walimfuata mitaani kwa miongo iliyofuata kwa sababu hiyohiyo kwamba hakutaka.

18. Asiyekuwepo anaweza kuwa maarufu?

Hatsune Miku, sauti ya kompyuta iliyotolewa nchini Japani mwaka 2007 ikiwa na umbo la msichana, hujaza kumbi za maonyesho. Nyimbo zake nyingi zimetungwa na mashabiki wenyewe. Kwa kipimo cha swali la 1 ni mgeni kidogo, kwa kuwa hana maisha ya kuchunguzwa. Udadisi wote umeelekezwa kwa wale wanaomtungia.

19. Vipi kuhusu watoto wanaofanywa maarufu na wazazi?

Mwigizaji wa filamu Jackie Coogan alipata mamilioni ya dola akiwa mtoto, kisha akagundua ukubwani kwamba mama yake na baba yake wa kambo walikuwa wamezitumia karibu zote. Kesi yake ilizaa sheria ya California ya mwaka 1939 inayotaka sehemu ya mapato ya mtoto mwigizaji itengwe. Sheria hiyo haikuwafikiria wazazi wanaorekodi nyumbani kwa simu zao. Illinois iliziba pengo hilo kuanzia Julai 2024 kwa kuwataka wazazi wamtengee fedha mtoto anayeonekana mara kwa mara katika video zinazowaingizia kipato. Ufaransa ilitangulia mwaka 2020, tena ikaenda mbele zaidi: mtoto mwenyewe anaweza kuitaka kampuni ifute picha na video zake, bila kuhitaji idhini ya wazazi waliozipandisha.